Soma na Aya Zinazofuata

Kandokando ya Ziwa Viktoria neno "kusoma" limebeba maana mbili tangu zamani. Katika Uganda ya mwisho wa karne ya 19, wafuasi wa dini mpya, Wakristo kwa Waislamu, waliitwa wasomaji, kwa sababu alama ya kwanza ya mtu aliyejiunga nao ilikuwa kuonekana ameshika kitabu. Pwani nako, kusoma kulianza kwa kuketi juu ya mkeka mbele ya mwalimu wa chuo, juzuu ikiwa mapajani. Kwa hiyo neno lenyewe lilitoa ahadi kwamba anayeingia dini anaingia kusoma. Makala haya yanaitazama ahadi hiyo katika nyumba za Bariadi na wilaya jirani za Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu.

Historia ya jambo hili imo ndani ya mkoa wenyewe. Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Busega ya leo, ilikuwa kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS tangu miaka ya mwisho ya 1880. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, ambayo baadaye ilizaa Kanisa la Africa Inland Tanzania, na mmisionari Emil Sywulka na mkewe wakaanza kazi hapo. Agano Jipya kwa Kisukuma lilichapishwa mwaka 1925. Biblia nzima kwa lugha hiyo ilitoka mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Kwa Kiswahili watu walikuwa na Biblia nzima tangu 1891, na ile ambayo wengi wetu tumekua nayo nyumbani, iliyounganisha tafsiri za Unguja na Mombasa, ilitoka mwaka 1952.

Kuwa na kitabu ni jambo moja, kukifungua ni jingine. Katika vijiji vingi kitabu kilikuwa kimoja, na aliyekisoma alikuwa mtu mmoja: mwalimu wa dini, katekista au mzee wa kanisa. Wengine walisikiliza. Walichopeleka nyumbani hakikuwa aya, bali maelezo ya aya kama yalivyotolewa na yule aliyesoma, yakiwa yamechanganyika na mawazo yake, mila za ukoo wake, na pengine ugomvi wake na jirani. Kwa Wakatoliki, ambao eneo hili kwao liliingia katika Jimbo la Shinyanga lilipoundwa mwaka 1956, Misa ilikuwa ingali ya Kilatini na mafundisho yalikuwa ya maswali na majibu ya kukariri. Ni mwezi Novemba 1965 ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu, uliwahimiza waumini wote wayasome Maandiko mara kwa mara wao wenyewe.

Hapo ndipo historia ya dini inapokutana na historia ya Taifa. Mwaka 1967, kwa takwimu za Serikali, kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata ulianza mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Wakulima walifundishwa kusoma kwa vitabu vya kazi yao, na kazi ya hapa ilikuwa pamba: kupanda kwa mistari, kunyunyiza dawa, kutenga safi na fifi. Mpango huo ulidumu hadi 1972 na uzoefu wake ukaingizwa katika kampeni ya nchi nzima. Kufika 1986, Serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma wamepungua chini ya asilimia 10.

Waliobuni mpango ule walifikiria mavuno. Hata hivyo mama aliyejifunza herufi kwa kitabu cha pamba hakuzuiwa na mtu kuzitumia herufi zile zile katika kitabu kingine, na katika nyumba nyingi za kijijini kitabu kingine kilichokuwapo kilikuwa cha dini. Tena elimu ya ngumbaru ilifundishwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana utamkuta bibi wa Kisukuma ambaye huomba kwa Kisukuma, huwakemea wajukuu kwa Kisukuma, lakini husoma Injili kwa Kiswahili, polepole, kidole kikifuata mstari. Husemwa kwamba asomaye hivyo haelewi sana. Mimi nadhani kinyume chake: asomaye polepole huliona kila neno, na mambo mengi ambayo mhubiri huyaruka yeye hawezi kuyaruka.

Ndugu msomaji, chukua Biblia uliyo nayo ufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Ina aya 31. Sijui kama iko sura nyingine katika Maandiko yote inayoweza kueleweka upesi zaidi kwa mtu wa Bariadi. Inaanza na wizi wa mifugo: aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza atalipa watano, na kwa kondoo mmoja atalipa wanne. Inaendelea na mwizi anayevunja nyumba usiku, na hapo inatoa tahadhari ambayo sungusungu wangefanya vema kuisoma kabla ya kupiga filimbi: mwizi akiuawa gizani akivunja, muuaji hana hatia ya damu, lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza anayo. Baadaye yanakuja mambo ya mtu aliyeachia mifugo yake ikala shamba la mwenzake, moto ulioteketeza mazao, na mnyama aliyekabidhiwa jirani amchunge kisha akararuliwa na mnyama wa mwituni. Mchungaji huyo, inasema sura, alete mabaki yawe ushahidi. Halafu inafika habari ya kijana aliyemtongoza binti asiyeposwa, na mahari atakayotoa.

Katikati ya mambo hayo ya kila siku iko aya ya 18. Ndiyo fupi kuliko karibu zote, nayo inaamuru kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai.

Aya hiyo imefanya safari ndefu na mbaya. Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 ilishikwa mkononi na mahakimu waliowachoma moto na kuwanyonga watu makumi ya maelfu, wengi wao wanawake. Mwaka 1692 huko Salem, Marekani, watu 19 walinyongwa. Usukumani hakuna anayeweza kusema kwamba aya hiyo ndiyo iliyonoa mapanga. Imani ya uchawi ilikuwapo kabla ya kitabu, na wapiga ramli hawakuhitaji Biblia kutaja jina la mtu. Lakini mazungumzo yanapofika hapo, aya hutajwa, nayo hutajwa ili kufunga mazungumzo. Na hesabu ya maafa inajulikana. Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, zaidi ya nusu yao wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani. Bariadi yenyewe imebeba sifa isiyoiomba kwa ajili ya kijiji cha Gambosi, ambacho masimulizi ya nchi nzima yamekifanya makao ya wachawi, hata watu wasioweza kukionyesha kwenye ramani wanakitolea ushahidi.

Ni nani hasa aliyetuhumiwa? Mara nyingi ni mwanamke mzee. Mara nyingi ni mjane, wanawe wako mbali, naye anaishi juu ya ardhi ambayo mtu mwingine anaitamani. Macho yake ni mekundu, na wekundu huo umehesabiwa kuwa ushahidi. Katika nchi ambayo miti imekwisha, mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, angekuwa na macho ya rangi gani?

Sasa rudi kwenye sura ile, usiishie hapo ulipoonyeshwa. Shuka aya nne tu. Aya ya 22 inakataza kumtesa mjane au yatima. Aya mbili zinazofuata zinasema kwamba mjane akilia, Mungu atasikia kilio chake, na adhabu yake ni kwamba wake za hao waliomtesa watakuwa wajane nao, na watoto wao yatima. Sijaona katika sura hiyo tishio kali kuliko hilo. Basi bibi yule yule aliyehukumiwa kwa aya ya 18 yumo ndani ya ulinzi wa aya ya 22, na kama mwandishi wa kale aliziweka karibu hivyo, anayeisoma ya kwanza bila ya pili amekata kitabu kwa mkasi.

Kuna zaidi. Mtu anayetaka aya ya 18 itekelezwe leo neno kwa neno lazima aulizwe kuhusu majirani zake. Aya ya 25 inakataza kumkopesha maskini kwa riba. Ya 26 na ya 27 zinamwamuru mkopeshaji aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa hana kitu kingine cha kujifunika. Mkulima aliyekopa kwa mtu binafsi wakati wa palizi akakabidhi pamba yake ingali mauani, kwa bei aliyopangiwa, angependa sana aya hizo zihubiriwe kwa sauti ile ile inayotumika kwa ile ya 18. Hazihubiriwi. Wala sijasikia mtu akidai ng'ombe watano kwa mmoja mbele ya baraza akiwa na Biblia mkononi. Uchaguzi umefanyika, na aliyechagua hakututangazia.

Wataalamu wa lugha nao wana lao la kusema. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "mwanamke mchawi" limebishaniwa kwa karne nyingi, na Wayahudi waliolitafsiri kwa Kigiriki kabla ya Kristo walitumia neno linalohusu watu wanaotengeneza dawa au sumu, wala hawakuliweka kwa wanawake peke yao. Lakini siegemei sana hapo. Mama wa Itilima hahitaji Kiebrania ili kushuka aya nne.

Jambo la pili ambalo usomaji wa namna hii huligusa nyumbani ni urithi. Katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililopangwa kwa wilaya nyingi nchini, mabinti waliwekwa katika daraja la tatu na la mwisho, lenye fungu dogo kuliko yote, na mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake: watoto wake ndio watakaomtunza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliona ubaguzi katika mila hizo, lakini ikasita kuzifuta. Wajane wawili wa Usukumani waliofukuzwa na jamaa za waume zao walipeleka shauri hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Kuhusu ardhi ya kijiji, Sheria Namba 5 ya mwaka 1999 ilikwisha kutamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Wengi hawajaisikia.

Wanaume wanaotetea mila katika mabaraza ya ukoo mara nyingi huongeza kwamba hata Maandiko yanaafiki. Basi yasomwe. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, wako dada watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi. Baba yao alifariki jangwani bila mtoto wa kiume. Hawakutuma mjomba awasemee. Walisimama wenyewe mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu tu hakupata mwana. Musa, kiongozi aliyepokea sheria mlimani, hakuwa na jibu mfukoni. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likaja kwamba mabinti hao wamesema haki.

Msomaji mwaminifu asishangilie mapema. Hukumu ile inampa binti urithi pale ambapo hakuna mwana. Penye kaka, haisemi hivyo. Tena sura ya 36 ya kitabu hicho hicho inarudi kwenye shauri lile, wazee wa kabila wakiwa wamelalamika kwamba binti hao wakiolewa nje, ardhi itahama. Nao wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Yaani wazee wa ukoo walikuwako hata wakati ule, na malalamiko yao yalikuwa haya haya tunayoyasikia. Lakini anayeendelea kusoma atafika kitabu cha Ayubu, sura ya mwisho, ambako Ayubu aliwapa binti zake watatu urithi pamoja na kaka zao, na hakuna aliyemlazimisha. Kusoma mwenyewe hakukupi daima jibu ulilolitaka. Kunakuonyesha kwamba ndani ya kitabu mjadala ulikuwapo, na hilo peke yake linamnyang'anya mzee wa baraza silaha ya kusema kwamba mambo yalikwisha kuamuliwa.

Waislamu wa Bariadi mjini, na wenzao popote nchini, wana historia yao inayofanana na hii, nayo ni ya pwani. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri wa Kianglikana wa Unguja, Godfrey Dale, jambo ambalo Waislamu wengi hawakulipokea kwa furaha. Mwaka 1953 jumuiya ya Ahmadiyya ilitoa ya kwake, ya Sheikh Mubarak Ahmad; miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo alikuwa Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye baadaye alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na Waziri wa Sheria. Masheikh wa Kisuni waliipinga. Jibu lao kamili lilikuja mwaka 1969 kwa Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, katika Qurani Takatifu aliyoieleza kwa maelezo marefu chini ya kila ukurasa. Kabla yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa amekwisha kuandika magazeti kwa Kiswahili mnamo miaka ya 1930, akiwataka Waislamu watofautishe dini na desturi zilizojivika dini.

Masheikh husisitiza kwamba tafsiri si Kurani yenyewe, nao wana haki. Hata hivyo binti wa Kiislamu aliyeambiwa na ukoo kwamba mwanamke harithi anaweza leo kufungua Sura ya An-Nisaa kwa Kiswahili akaliona fungu lake limetajwa, nusu ya la kaka yake. Anaweza kulalamika kwamba ni nusu. Lakini ukoo ulikuwa umemwambia hakuna kitu.

Wapo watakaoniuliza: je, kila mtu akijisomea, si tutakuwa na dini kwa idadi ya nyumba? Swali ni la haki. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, msafiri Mwafrika, mkuu wa hazina ya malkia wa Ethiopia, anasoma nabii Isaya akiwa ndani ya gari lake, naye anapoulizwa kama anaelewa anajibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Anahitaji mwalimu. Lakini angalieni utaratibu: kitabu kilikuwa mkononi mwake kabla mwalimu hajapanda, na swali lilitoka kwake. Na sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo kisha wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo.

Maafa makubwa tuliyoyaona Afrika Mashariki hayakutokana na watu kusoma mno. Huko Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea katika jengo la ibada. Huko Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na mashitaka yakasema kwamba watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Katika visa vyote viwili walikuwa na vitabu. Waliowaachia wengine ni kazi ya kuvielewa.

Njia iliyo salama kuliko kusoma peke yako ni kusoma na wenzako. Wazee wetu waliijua njia hiyo mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilipokutana kuizunguka redio, kusikiliza, kusoma kijitabu, kisha kubishana. Miaka hiyo hiyo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walichagua jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa Kanisa, na katika jumuiya nyumba chache hukutana kila wiki kusoma Injili ya Jumapili inayokuja na kuuliza inasema nini juu ya mtaa wao. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Katika baadhi ya jumuiya Injili husomwa mbio ili muda ubaki kwa michango, na wanaume hawaonekani mpaka siku ya uchaguzi wa viongozi. Wanaobaki ni akina mama, na kwa kuwa wao ndio wanaosoma, wao ndio watakaoanza kuuliza.

Jirani yetu wa Butiama alifanya kwa namna yake. Mwalimu Nyerere, baada ya kustaafu, aliziandika upya Injili nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Huwezi kutia aya katika mizani ya utenzi bila kujiuliza kila neno linataka kusema nini. Ilikuwa kazi ya Mkristo asiye padri, aliyekwenda Misa kama wengine, kisha akarudi nyumbani na kukifungua kitabu tena mezani kwake.

Kwa familia inayotaka kuanza, sura ya 22 ya Kutoka inasomeka kwa robo saa, hata kwa kidole. Asome mtoto wa darasa la tano, kwa sauti, bibi akisikiliza, na asiruhusiwe kuishia aya ya 18.